Hofu ya Kuanza Jambo Jipya

1. Faida ya hofu

Hofu si kitu kibaya siku zote. Mtu asiye na hofu kabisa hukaribia moto akaungua, huingia mtoni penye mamba akaliwa, hupanda mnazi uliooza akaanguka. Wazee walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Maana yake, jamaa za mwoga hukaa wakicheka kwa kuwa mtu wao yu hai, na jamaa za shujaa hukaa matanga. Basi hofu ni kama mlinzi aliyewekwa mlangoni ili kupiga kelele adui akija.

Mlinzi huyo hufanya kazi yake hivi. Mtu akimwona chui, macho hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huamsha tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Tezi hizo hutia maji yake katika damu, na mara moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, damu hukimbilia misuli ya miguu na mikono, na jasho hutoka viganjani. Kwa muda mfupi sana mwili wote umekwisha kuwa tayari kukimbia au kupigana. Mtu aliyeokoka kwa chui amshukuru mlinzi wake.

Walakini mlinzi huyu ana upungufu mmoja, hajui sana kupambanua adui na mgeni. Mwanafunzi akiitwa kusimama mbele ya wenzake asome hadithi aliyoitunga mwenyewe, moyo wake humwenda mbio vile vile kana kwamba ameona chui. Kijana akitaka kujifunza useremala, au mwanamke akitaka kufungua duka lake la kwanza, viganja hutoka jasho ingawa hapana mnyama wala moto. Hapo hofu haimlindi mtu tena, bali humfungia ndani ya nyumba yake mwenyewe, asitoke kwenda kufanya kazi.

2. Mizizi mitatu

Hofu ya kushindwa, kama mti, ina mizizi yake. Anayetaka kuing'oa yampasa kwanza kuijua mizizi hiyo.

Mzizi wa kwanza ni kuogopa kuchekwa. Mtu anayefanya jambo alilolizoea hachekwi, maana mikono yake inajua kazi. Lakini anayeanza jambo jipya hukosea mbele ya watu, na watu hupenda kutazama makosa ya mwenzao kuliko kazi yake. Wengi wameacha kujifunza kuogelea, au kusema lugha ya kigeni, si kwa sababu ya ugumu wa kazi yenyewe, bali kwa ajili ya vicheko vya wale waliokaa ukingoni.

Mzizi wa pili ni kutoijua njia. Kitu kisichojulikana huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kama kivuli cha mbuzi usiku ambacho kwa mbali huonekana fisi. Mtu akilitazama jambo lote kwa mara moja, na asijue hatua ya kwanza ni ipi, hukata tamaa kabla ya kuinua mguu.

Mzizi wa tatu, nao ndio mbaya kuliko yote, ni kudhani kwamba kushindwa mara moja ni hukumu ya daima. Mtu huyo huona kwamba kazi yake ikiharibika, yeye mwenyewe ameharibika. Hasemi, "Chungu hiki kimepasuka," bali husema, "Mimi si mfinyanzi." Lakini wahunzi wana methali yao, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Koleo likivunjika mhunzi hufua jingine, wala hajiambii kwamba ufundi wake umevunjika pamoja nalo.

Yafaa kumtazama mtoto mdogo anayejifunza kutembea, kwa kuwa yeye hana mizizi hiyo. Mwaka 2012 wataalamu wa mji wa New York, huko Marekani, walitoa habari za watoto wa umri wa miezi 12 hadi 19 waliowachunguza walipokuwa wakicheza. Waliona ya kuwa kwa saa moja mtoto hupiga hatua zaidi ya 2,000, na huanguka mara 17 kwa kadiri. Tena mtoto anayeanza kutembea huanguka mara nyingi kuliko alivyoanguka alipokuwa akitambaa kwa ustadi. Angalikuwa na hofu ya mtu mzima, angalisema, "Kutambaa nakujua, kutembea kunaniaibisha," akabaki akitambaa maisha yake yote. Lakini yeye huanguka, hulia kidogo au halii, kisha huinuka. Kila mtu mzima anayetembea leo ameanguka maelfu ya mara, wala hakumbuki hata moja.

3. Habari za kijito kilichokauka

Mfano mkubwa wa mambo haya ulionekana katika nchi ya Kenya, katika kazi ya Bibi Wangari Maathai na wanawake wa mashamba.

Bibi Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni katika mti ule, akimwambia kwamba ni mti wa Mungu. Karibu na mti ule palitoka chemchemi ya maji safi, nayo ilikuwa kijito. Mtoto Wangari alizoea kuteka maji pale na kucheza na mayai ya vyura yaliyong'aa kama shanga.

Alisoma kwa bidii, na mwaka 1960 akaenda Marekani kwa masomo ya juu. Aliporudi Kenya mwaka 1966, alikuwa ameahidiwa kazi, lakini alipofika akaambiwa kwamba kazi ile amepewa mtu mwingine. Hakurudi nyuma. Akatafuta kazi nyingine ya kufundisha na kuchunguza habari za wanyama, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata shahada hiyo.

Katika kazi yake alizunguka mashambani akikusanya kupe, ili kuchunguza ugonjwa unaoua ng'ombe. Huko akaona mambo yaliyomhuzunisha kuliko kupe. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa majani. Mvua iliponyesha, mito iligeuka rangi ya udongo, kwa sababu vilima vilikuwa vimekatwa miti na udongo mzuri ulikuwa ukichukuliwa na maji. Nyumbani kwao Ihithe ule mugumo ulikuwa umekwisha kukatwa ili pawe na nafasi ya kulima chai, na kile kijito kilikuwa kimekauka.

Tena wanawake waliokutana katika Baraza la Wanawake wa Kenya walieleza shida zao. Walikuwa wakienda mbali kutafuta kuni. Maji safi yalikuwa haba. Watoto walikula vyakula vyepesi visivyo na nguvu, kwa sababu vyakula vya asili vyahitaji moto wa muda mrefu, na kuni hazikuwapo. Bibi Wangari alipofikiri, akaona ya kuwa shida zote hizo zina mzizi mmoja: miti imekwisha. Mizizi ya miti hushika udongo, majani yake hupunguza nguvu ya mvua, na maji hupata nafasi ya kuzama ardhini polepole na kulisha chemchemi. Basi akasema, "Mbona tusipande miti?"

4. Kushindwa mara ya kwanza na mara ya pili

Neno hilo lilikuwa jepesi kulisema, lakini kulitenda hakukuwa kwepesi. Katikati ya miaka ya 1970 Bibi Wangari alianzisha kampuni ndogo ya kupanda miti, akakusudia kuwapa kazi watu wasio na kazi katika mji wa Nairobi. Akapata mahali pa kuoteshea miche katika msitu wa Karura. Lakini fedha zilikosekana. Watu wengi waliisifu kazi yake, na wachache sana walitoa mkono wa kumsaidia. Mwezi wa Juni mwaka 1976 alisafiri kwenda mji wa Vancouver, nchi ya Kanada, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya makazi ya watu. Aliporudi akakuta miche yake imekufa, na kampuni ikafa pamoja nayo.

Mtu mwingine angalisema, "Kazi hii haiwezekani." Yeye alijiuliza swali jingine: je, lililoshindwa ni jambo lenyewe, au ni namna ya kulifanya? Akaona ya kuwa miti bado yahitajiwa kama jana, wala mahitaji yale hayakufa pamoja na miche. Namna ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kazi yote ilikuwa juu ya mtu mmoja na mfuko mmoja. Mtu huyo akiondoka, hapana wa kumwagilia maji.

Basi akalipeleka shauri lake mbele ya Baraza la Wanawake, nalo likakubaliwa. Tarehe 5 Juni mwaka 1977, siku ya mazingira duniani, watu waliandamana katika mji wa Nairobi mpaka uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba kwa heshima ya watu saba mashuhuri wa makabila mbalimbali ya Kenya. Palikuwa na furaha na hotuba. Lakini baada ya siku ile, kati ya miti saba, mitano ilikufa. Iliyobaki hai ilikuwa miwili tu.

Kwa hesabu ya mwenye hofu, hapo mara mbili amekwisha kushindwa. Kwa hesabu ya mkulima, ipo miti miwili ambayo jana haikuwapo, tena amejifunza kwamba kupanda ni kazi ya siku moja, na kutunza ni kazi ya siku nyingi.

5. Mabwana misitu wasio na vyeti

Tangu hapo shauri lilikuwa kwamba wanawake wa vijijini wapande miti katika mashamba yao wenyewe. Hapo ikatokea hofu nyingine, nayo ilikuwa ya wale wanawake. Walisema, "Kupanda miti hatujui." Walikuwa wamelima mahindi, maharagwe na viazi tangu utoto, lakini neno la miti waliliona kuwa ni la wasomi.

Bibi Wangari akawaomba mabwana misitu wa serikali waje kuwafundisha. Mabwana wale wakafundisha kama walivyofundishwa chuoni. Walieleza mteremko wa ardhi, na upande liingiapo jua, na kina cha tuta la mbegu, na kiasi cha kokoto katika udongo, na vyombo vya kazi hiyo vilivyo maalumu. Wanawake walisikiliza, na kadiri walivyosikiliza ndivyo hofu yao ilivyozidi. Wengi wao hawakujua kusoma, wala hawakuwa na fedha za kununua vyombo hivyo.

Ndipo Bibi Wangari alipowaambia waache maneno yale magumu, watumie akili waliyo nayo. Je, hawapandi mbegu za maharagwe zikaota? Mbegu ya mti nayo ni mbegu. Waitie udongoni, waimwagilie maji, waingoje.

Neno hilo liliwafungua. Wanawake walianza kuangalia miti ya kwao, wakajua kila mti hutoa mbegu majira gani, wakaziokota. Aliyekosa chombo alitumia chungu kilichovunjika, au kopo la zamani, au kikombe kilichopasuka. Aliyekosa chombo cha kumwagilia alitoboa kopo tundu ndogo, akalitundika ili maji yadondoke polepole. Kuku na mbuzi walipokula miche, waliiweka miche mahali palipoinuka wasipoweza kufika. Yaliyofanikiwa kwa mmoja yalipelekwa kwa jirani, na yaliyoharibika kadhalika, ili mwenzake asirudie kosa lile lile. Baadaye wanawake hao wakaitwa mabwana misitu wasio na vyeti.

Palikuwa na utaratibu pia. Kila kikundi kiliotesha miche katika kitalu chake, kikawagawia watu wa kijiji bure, kisha wenye kitalu walikwenda kuangalia kama miche imeshika. Wanawake walipewa malipo ya senti chache kwa kila mche ulioonekana kuwa hai baada ya kupandwa. Uliokufa haukulipiwa, wala haukutozwa faini. Sheria hiyo ndogo ilikuwa na hekima kubwa. Kama kila mche uliokufa ungalitozwa faini, hapana mwanamke ambaye angalithubutu kupanda. Na kama kila mche uliochimbiwa ungalilipiwa, ukiwa hai au umekufa, hapana ambaye angalijali kuutunza. Kwa sheria ile, aliyeshindwa hakupoteza ila jitihada yake, na aliyefaulu alipata faida.

Tangu mwanzo walijiwekea nia ya mti mmoja kwa kila mtu wa Kenya, yaani miti milioni 15, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya watu wakati ule. Bibi Wangari alipomweleza mkubwa wa idara ya misitu neno hilo, bwana yule alicheka, akaahidi kuwapa miche yote bure, kwa kuwa hakudhani kwamba wataweza kuimaliza. Kabla ya mwaka kwisha ilimbidi kuiondoa ahadi yake, maana wanawake walichukua miche mingi mno hata idara haikuweza kuitoa bure tena.

Kazi hiyo iliitwa Green Belt, yaani Ukanda wa Kijani, kwa sababu miche ilipandwa kwa safu za elfu moja au zaidi, hata kwa mbali ikaonekana kama mshipi uliofungwa kiunoni mwa nchi. Bibi Wangari alipata taabu nyingi baadaye. Alitukanwa, alipigwa, alitiwa kifungoni kwa kuyatetea mashamba na misitu ya watu wote. Lakini mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, naye alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wakati huo miti iliyopandwa na vikundi vile ilikuwa imepita milioni 30. Alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 25 Septemba mwaka 2011, na vitalu vilibaki.

6. Miche 62 ya mkonge

Habari nyingine inayofanana na hiyo ni ya mkonge katika nchi ya Tanzania. Mkonge si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Meksiko, katika nchi kavu ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mwenye elimu ya kilimo, jina lake Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche ile ilisafiri baharini siku nyingi mpaka Ulaya, na kutoka huko mpaka pwani ya Tanga. Ilipofika ilikuwa imekufa karibu yote. Iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu.

Mtu akihesabu iliyokufa, miche 938, ataona hasara tupu. Lakini ile 62 ilipandwa karibu na Pangani, ikashika. Mkonge huzaa miche mingine mingi, na baada ya miaka mitano hesabu ilikuwa imefika makumi ya elfu. Mwaka 1964 nchi ilitoa nyuzi za mkonge zaidi ya tani 200,000, nayo ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Si haki kusahau kwamba mashamba hayo yalikuwa na upande wa uchungu, maana vibarua wengi walitumikishwa kwa nguvu na kwa ujira mdogo. Lakini kwa habari ya mmea wenyewe, funzo ni wazi: lililo hai, hata likiwa dogo, lina thamani kuliko wingi wa lililokufa.

7. Namna ya kuishinda hofu

Katika habari hizo yapo mambo manne ambayo mtu ye yote anaweza kuyatumia, akiwa mwanafunzi, au mkulima, au fundi, au mfanya biashara.

Jambo la kwanza ni kuanza kwa kiasi kidogo, ili hasara ikija isimwangushe mtu. Anayetaka kufuga kuku kwa mara ya kwanza asinunue mia, anunue watano. Wakifa watano ataumia, lakini ataweza kuanza tena, naye amejua ni ugonjwa gani uliowaua. Wakifa mia, huenda asirudie kamwe. Hofu hupungua mtu ajuapo ya kuwa akianguka hataanguka kutoka mbali. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la pili ni kuanza na ujuzi alio nao. Hapana jambo lililo jipya kabisa. Anayejua kuotesha maharagwe amekwisha kujua nusu ya kuotesha mti. Anayejua kusuka mkeka ameizoeza mikono yake subira ya kushona nguo. Mtu asijiulize tu, "Nakosa nini?" Ajiulize pia, "Nina nini mkononi?" Kisha kwa yale asiyoyajua aulize bila aibu, maana kuuliza si ujinga, bali ndiyo njia ya kutoka katika ujinga.

Jambo la tatu ni kutazama kosa kama mkulima atazamavyo mche uliokufa. Mkulima hautukani mche, wala hajitukani mwenyewe. Huung'oa akautazama mizizi: je, maji yalizidi au yalipunguka? Ni mchwa, au ni jua? Akiisha kujua, hubadili namna yake. Na hapo pana hatari ambayo yafaa kuiangalia. Kurudia jambo lile lile kwa namna ile ile iliyokwisha kushindwa si uvumilivu, ni ukaidi. Anayepanda juu ya mwamba, hata akipanda mara mia, hatavuna. Bibi Wangari hakuifufua kampuni yake iliyokufa. Alilishika kusudi lake, akaibadili njia.

Jambo la nne ni kutafuta wenzi. Hofu humshika sana mtu aliye peke yake. Kitalu kimoja kikikauka katika kijiji kimoja, vipo vingine mia ambavyo vina maji. Mwanafunzi anayeogopa hesabu na asome pamoja na wenzake wawili, nao wote watatu wataona ya kuwa kila mmoja anaogopa, na kila mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hakijui. Kwa habari ya wale wanaocheka, na akumbuke ya kuwa kicheko cha ukingoni hakimzamishi mtu. Yule mkubwa wa misitu alicheka, lakini miche ilikwisha.

Wala mtu asidhani kwamba siku moja ataamka akute hofu yote imeondoka, ndipo aanze. Siku hiyo haiji. Moyo utapiga mbio asubuhi ya kwanza ya kila kazi mpya, kwa kuwa yule mlinzi wa mlangoni hapumziki. Mtu na amsikilize, aangalie kama kweli pana chui. Akiona chui, arudi. Akiona ni mgeni tu, amfungulie mlango, ashike jembe lake aende shambani, hali moyo ungali ukipiga. Mikono ikianza kazi, moyo nao hutulia polepole, na jambo lililokuwa jipya jana huanza kuzoeleka.

Maswali

1. Ni faida gani ambayo mtu hupata kwa hofu, na ni wakati gani hofu humdhuru?
2. Taja mizizi mitatu ya hofu ya kushindwa. Ni upi ulio mbaya kuliko yote, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini kijito cha Ihithe kilikauka?
4. Eleza hekima iliyokuwa katika kulipa kwa kila mche ulio hai tu.
5. Uvumilivu na ukaidi hutofautianaje? Toa mfano mmoja wa kijiji chenu.